Kanzu za Idi na Miguu Yangu

Mwanangu, kuna asubuhi moja viatu vyangu vilinikataa, na mpaka leo sijaisahau. Nilikuwa fundi wa nguo pale Tandale, sijafika miaka thelathini, ulimi mrefu kuliko uzi. Zilibaki siku nne Idi ifike, nami nilikuwa nimepokea kanzu nyingi kuliko mikono niliyopewa.

Aliyenifundisha kushona, Bi Mgeni, alikuwa na kibaraza mkabala na changu. Yeye alitumia cherehani ya kukanyaga, miguu yake ikipanda na kushuka kutwa nzima. Mimi nilikuwa nimefunga mota. Kazi ya mguu wangu ilikuwa kugusa pedali kwa ncha ya kiatu, basi.

"Shikamoo, Bi Mgeni. Baiskeli yako imefika wapi leo?" nilimtania kila asubuhi.

"Marahaba. Imepita mlangoni kwako, hukuiona. Inuka utembee, Rehema. Umekaa kama gunia la mchele."

Sikuinuka. Nikajiona mjanja zaidi: nikaacha kunywa maji mchana, nisipoteze muda wa kwenda uani. Miguu ilipoanza kuvimba, niliifunga vitambaa vya mabaki chini ya magoti, nikakaza, nikidhani nazuia uvimbe usipande. Ujana, mwanangu, hujitibu kwa jeuri. Asubuhi ile ndipo viatu vikakataa. Nikabonyeza ngozi kwa kidole, shimo likabaki. Nikavaa kandambili za mume wangu, nikaenda kukaa tena mbele ya mota. Punda afe, mzigo ufike.

Bi Mgeni aliniona ninavyojikokota. Alivuka uchochoro, akachomoa mkanda wa mota yangu, akaufunga kwenye pindo la kanga yake.

"Bibi, kanzu za watu!"

"Kanzu zitavaliwa siku ya Idi. Miguu unaivaa kila siku. Twende zahanati."

Muuguzi alifungua vile vitambaa, akavitupa. "Damu ikishafika unyayoni, nani anaipandisha?" akaniuliza.

"Moyo."

"Moyo una msaidizi." Akanishika kigimbi. "Ukitembea, nyama hii inakaza, inabana mishipa, damu inapanda. Ndani ya mishipa mna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Ukikaa kutwa bila kuusogeza mguu, damu inatuama, mguu unavimba. Wewe umeongeza na kamba. Damu iliyotuama inaweza kuganda, na bonge likisafiri hadi mapafuni, linaua."

"Kama barafu ya kifuko," akadakia Bi Mgeni. "Usipoiminya kwa chini, utanyonya nailoni."

Nilicheka, kisha nikawakumbuka wanangu wawili nyumbani, kicheko kikakauka. Hapo hapo niliamua: sitakufa nimekaa.

Siku zilizobaki nilishonea ile baiskeli niliyoicheka, tukipokezana na mwenyewe. Kila kanzu ikiisha, nilizunguka uchochoro mara mbili. Maji nilikunywa. Uvimbe ukaanza kunywea. Kanzu moja sikuimaliza, nikaenda kwa miguu hadi Mwananyamala kumwomba radhi mwenyewe. Alinisema, mwanangu! Nami nilimsikiliza nimesimama, nikipandisha visigino na kuvishusha, mpaka akauliza kama nacheza ngoma.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika kwa sababu mkuu hakuchoka kunisemesha.

Kwa hiyo nikuambie wewe unayekaa kutwa ofisini, dukani, au kwenye usukani. Sikukatazi mota, hata mimi mkanda wangu nilirudishiwa. Nakukataza kukaa kama gunia. Inuka kabla mguu haujakuomba. Ukishindwa kuinuka, pandisha visigino ukiwa umekaa, vishushe, rudia. Usijifunge, usijinyime maji. Na mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, usiite mchuaji. Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Bi Mgeni alishatangulia mbele ya haki. Cherehani yake iko kwangu huku Goba, na kila asubuhi nashuka kilima na kukipanda kabla sijaikalia. Mwenyezi Mungu akujalie kazi, mwanangu, na akujalie miguu ya kuinukia kutoka kwenye kazi hiyo. Amina. Haya, simama.