Taulo la Moto

Titi langu la kushoto lilikatwa Kampala kwa ajili ya saratani, na siku ileile daktari akanitengenezea lingine kwa nyama ya mgongoni mwangu. Ilikuwa miaka ya uasi. Njia ya Kinshasa imefungwa, mto umefungwa, na sisi wafanyabiashara wa Kisangani tukawa tunapanda ndege kwenda Uganda kutafuta vitenge. Mimi nilikwenda kutafuta na uhai.

Nilirudi nyumbani Kisangani, komini ya Tshopo, na karatasi ya maagizo. Iliandikwa Kiingereza. Kwetu nani anajua Kiingereza? Sisi ni watu wa Kifaransa. Nikaikunja nikaitia pochini, nikafuata yale niliyoyashika kichwani: lala chali, weka mto chini ya mkono, usinyanyue kitu.

Mama yangu alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke yeyote wa mtaani akijifungua, Mama aliitwa na beseni lake. Alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akamkanda mzazi tumbo na matiti mpaka apige kelele. Kelele ndiyo ilikuwa kipimo chake. Mzazi akilia, Mama anapunguza moto.

"Mutoto yangu, walikukata," aliniambia. "Mwili iko na damu mubaya ndani. Lazima nikukande."

Ningeweza kukataa. Lakini wacha niseme kweli: nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nilitamani mama yangu anishike.

Alisema Bismillahi, akaweka taulo.

"Iko moto?"

"Hapana, Mama."

Akarudisha maji jikoni, akayachemsha tena. "Na sasa?"

"Wala!"

"Eeh, basi damu mubaya iko mingi."

Tukaenda hivyo siku tatu, asubuhi na jioni. Majirani walikuja kunitazama, nami nikajigamba kwamba mwili wangu ni wa chuma. Mjinga mimi! Wanawake wote wa mtaa walilia mikononi mwa Mama, mimi peke yangu nanyamaza, na sikujiuliza kwa nini.

Siku ya nne ngozi ilifanya malengelenge, kisha ikaanza kuwa nyeusi. Siku hizohizo majeshi mawili ya kigeni yaliyokuwa yakitutawala yakageukiana humu humu mjini. Ndege hakuna, barabarani hakupitiki. Tulilala sakafuni na Mama, yeye upande wa dirisha, akisema risasi ikija ianze kwake. Mizinga ilipotulia tukaenda kwa miguu kwa daktari mmoja wa mjini.

Huyo alijua Kiingereza kidogo. Alisoma karatasi yangu polepole, kidole juu ya mstari. Nyama iliyohamishwa haisikii kitu, ilisema. Isiguswe na moto wala maji ya moto.

"Alors, nani aliweka moto hapa?"

Nikamwonyesha Mama kwa kidole, mbele ya wagonjwa na manesi. "Huyu! Huyu ndiye aliyeniunguza!" Kidole, kwa mwanamke aliyenizaa. Astaghfirullah. Na karatasi ilikuwa pochini kwangu, si kwake.

Daktari akasema hakuna cha kuokoa, nyama imekufa, lazima aitoe yote. Mama alisimama, akafungua blauzi yake mbele yetu.

"Docteur, mimi niko nazo mbili. Niko muzee, zinanifanyia nini? Kata moya, umupatie."

Daktari alicheka, akidhani ni utani wa bibi kizee. Nilimjua Mama, nilijua hatanii. Na kwa hasira yangu nikacheka pamoja na daktari.

Mama alifunga vifungo vyake kimoja kimoja. Akakosea, akafungua, akaanza upya. Alipomaliza akaniuliza kama nina kiu, akaniletee maji. Nilimgeuzia mgongo.

Alifariki kabla sijamwomba radhi. Nilikuwa nangoja hasira iishe kwanza.