Picha za Ndani Hazitoki

Tuelewane mapema: Zuena Mansuri si mkaidi. Wanaomwita mkaidi ni wale aliowahi kuwaambia hapana, na hao kisiwani kwetu Mafia wamejaa tele. Mimi nashona, yeye anapiga picha, na chumba chetu ni kimoja hapa Kilindoni. Mbele cherehani yangu, katikati pazia, nyuma yeye na kompyuta yake. Aliyekuwa mumewe alimwambia achague, kamera au ndoa. Zuena akamuuliza kama angependa kupigwa picha ya kumbukumbu kabla hajaondoka.

Kazi yake kubwa ni sherehe za wanawake. Kwetu, bibi harusi akitolewa mbele ya wanawake wenzake, mlango unafungwa, mwanamume hapiti, na hapo mlangoni linawekwa beseni la kutilia simu. Ukiwa na simu, itie humo, usinijie na maneno. Ndani mabaibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, bibi zetu wanakata viuno utadhani magoti yaliyokuwa yakiwauma asubuhi si yao. Kamera inayoingia ni ya Zuena peke yake. Anapiga, anazisafisha kwenye kompyuta yake, anazichapa mwenyewe, anawapa wenyewe. Picha za ndani hazitoki. Siku zikitoka, hakuna mwanamke atakayemfungulia mlango tena, toka Kilindoni mpaka kijiji cha Kanga.

Basi kaka yake Fikiri, aliyeko Maskati, akamletea kamera mpya. Mashallah, kamera! Akaenda nayo Kanga kwenye harusi ya Furaha binti Zubery. Fikiri alimwambia aiweke kwenye ubora wa juu kabisa, naye akaiweka, akapiga mchana kutwa. Kurudi, akachomeka kadi kwenye kompyuta. Programu yake ya kusafishia picha, ile ya zamani anayoijua kama jiko lake, ikasema haizitambui faili hizo. Akachomoa kadi, akaipuliza, akachomeka. Haitambui. Nikamsikia nyuma ya pazia anafoka, "Huzitambui? Mimi nimekaa na wewe miaka yote hii leo unaniumbua?"

Tukamwita Mudrik, fundi wa kompyuta, kijana wa watu mwenye adabu zake. Alieleza vizuri, sina ugomvi naye. Kamera hii, alisema, inahifadhi picha zikiwa mbichi, na kila kamera ina namna yake ya kuziandika. Programu ya Zuena inazijua kamera zilizotoka kabla yake tu, na hii imetoka juzi. Programu mpya ingezifungua, ila haikubali kukaa kwenye kompyuta kuukuu kama ile.

"Kwa hiyo?" Zuena akauliza.

"Nipe kadi. Laptopu yangu ni mpya, nazifungua leo leo."

"Wewe mwanamume."

"Dada Zuena, mimi fundi. Siangalii picha, naangalia faili."

"Na macho utamwachia nani?"

Mudrik akasema basi zitumwe Dar es Salaam kwa mtandao, kuna kijana mwenye mitambo yote. Zuena alimwangalia tu, akamwangalia, mpaka Mudrik akaanza kukusanya bisibisi zake.

Sasa Furaha na mumewe, Abeid, walikuwa wanahamia Mtwara, na boti yao ya kwenda Nyamisati, kule bara, ilikuwa Ijumaa. Albamu isipokuwa tayari, Kanga nzima itasema Zuena kaharibu harusi ya watu. Kadi ikitoka, atakuwa amewavua nguo wanawake waliomwamini. Hakuna upande wenye nafuu.

Jumatano Abeid akaja mwenyewe. "Nasikia picha zimegoma. Nipe kadi, binamu yangu ana studio Dar."

"Hapana."

"Ni mke wangu!"

"Mke wako yumo. Na mama yako yumo, anacheza, kanga moja kiunoni. Mpigie. Akisema nikupe, nakupa sasa hivi."

Hapo nikaliacha gauni la watu kwenye sindano. Abeid akapiga simu, akaweka spika, akijua atashinda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Akaeleza. Bi Mize, mama yake, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binamu yako akae Dar anitazame mimi kiuno? Thubutu! Kadi hiyo ikipanda boti, wewe usishuke tena kwangu." Akavuta pumzi. "Na wewe Zuena, najua unanisikia. Nazitaka picha zangu kabla mkwe wangu hajaondoka." Akakata.

Abeid alitoka amevimba. Mlangoni akasema atawaambia watu kwamba Zuena kazi imemshinda.

"Waambie," Zuena akajibu. "Na usisahau kuwaambia uliiomba kadi nikakunyima."

Alipokwisha kwenda nikamuuliza atafanyaje. "Sijui, Asmahani. Ila sitoi." Niliogopa kwa ajili yake, na nikawachukia wote, Abeid, binamu yake na hiyo kamera.

Alhamisi asubuhi Mudrik akarudi bila kuitwa. Alikuwa ameulizauliza kwa mafundi wenzake. Kamera yenyewe, alisema, inaweza kutoa nakala ya kawaida ya kila picha, humo humo ndani, na nakala hizo hata kompyuta kuukuu inazifungua. Ila sharti aione hiyo kamera, amtafutie mahali pa kubonyeza.

"Hapana," Zuena akasema.

Astaghfirullah, nilitaka kumchapa na rula yangu! Mwisho wakakubaliana hivi: Mudrik akasimama nje ya dirisha, kaupa ukuta uso wake, anasoma maelekezo kwenye simu. Zuena ndani anabonyeza.

"Bonyeza kitufe cha kuonyesha picha!"

"Nimebonyeza!"

"Unaona nini?"

"Namwona Bi Mize!"

"Usiniambie!"

Wapita njia wakasimama. Muuza mihogo akataka kujua Mudrik kafanya kosa gani mpaka akasimamishwa ukutani. Mimi nilicheka hadi machozi. Wakakosea, wakarudi mwanzo, wakakosea tena. Kisha nakala ya kwanza ikakubali, Zuena akachomeka kadi. Kwenye kompyuta akatokea Furaha, hina mpaka viwikoni, anacheka. Zuena akaketi sakafuni, akalia. Nikapiga kigelegele mpaka Mudrik akasahau, akataka kugeuka, nikamkemea.

Wakaendelea picha moja moja, mpaka jua likazama, na Mudrik wala hakulalamika.

Ijumaa gatini, Abeid akanyoosha mkono apokee albamu. Zuena akaupita mkono ule, akampa Furaha. "Wewe ndiye uliyeniita," akasema.

Furaha ni msichana ambaye siku zote za harusi hatukuisikia sauti yake. Akaichukua albamu, akaifunga kwenye kanga, akaikumbatia.

"Hebu basi nione," Abeid akasema.

"Mimi si huyu hapa? Nitazame." Sauti yake ilisikika gati zima. "Humu wamo mama zangu. Wao hukuwaoa."

Abeid akatutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumuunga mkono. Kisha akainama, akabeba mabegi.