Mkanda wa Baba, wa Wembe na wa Kanisani

Enzi zetu pale Maisaka, Jumapili ilianza kwa mlio wa wembe kwenye ngozi, kabla hata kengele ya kanisa haijalia. Chap, chap, chap, Baba ananoa. Sisi bado tumejikunyata ndani ya mablanketi, maana baridi ya Babati mwezi wa sita haina undugu na mtu, lakini tulijua Mama ameshabandika maji, chai ya maziwa inafuata, na ole wake ambaye viatu vyake havijapakwa rangi.

Wembe wenyewe ulikuwa ule wa kukunja, una mpini wa pembe, na ulilala ndani ya kopo kuukuu la maziwa ya unga juu ya kabati. Hatukuruhusiwa kulisogelea kopo lile hata kwa macho. Mkanda wa kunolea ndio ule ule aliovaa kwenda kanisani. Alfajiri unaning'inia kwenye msumari wa mlango, Baba anaupitishia wembe. Akimaliza, anauvaa kiunoni na kwenda kumwabudu Mungu. Baba hakuona sababu ya kumiliki vitu viwili ikiwa kimoja kinatosha.

Basi alikuwa anakaa kwenye kigoda uani, mbele ya kipande cha kioo. Kwanza kitambaa cha maji moto usoni, kikae mpaka ndevu zilainike. Halafu brashi, sabuni ya mche, na povu linapanda mpaka masikioni, tunacheka mpaka tunakohoa. Akishanyoa anapaka shabu, lile jiwe la kukausha mikwaruzo, uso unawaka, anafumba jicho moja. Mwishoni anajipitishia kiganja shavuni na kusema, "Sasa huu ndio uso." Harufu ile ya sabuni na moshi wa kuni bado ninayo puani.

Mimi nilipoota vinyweleo juu ya mdomo, ambavyo Mama kwa muda mrefu alidhani ni masizi, nilianza kudai wembe. Nilidai kila Jumapili, mpaka Mama akamwambia Baba, "Mtoto akililia wembe, mpe." Alisema kwa kunitisha. Baba akanipa kweli.

Somo la kwanza lilikuwa kunoa. Wembe ulale juu ya mkanda, mgongo utangulie, makali yafuate. Ukifika mwisho, ugeuze ndipo urudi. Kwenda nilikwenda vizuri sana, nikajiona fundi. Kurudi nikasahau kugeuza, nikarudi makali mbele, tena kwa nguvu. Wembe ukazama kwenye mkanda na kuukata karibu nusu ya upana.

Mama alijifanya anapuliza moto. Baba aliuangalia mkanda, akaniangalia mimi, akasema, "Haya, mkanda umeshanyolewa. Kaa chini, zamu yako." Akanishika kidevu, akaninyoa mwenyewe vile vinyweleo vyangu vyote, akaniambia huu ndio uso. Kisha akachukua kamba ya katani, akaifunga kiunoni, akavaa koti juu na kulifunga vifungo vyote. Ibada nzima aliimba mkono mmoja umeshika kiuno. Mkanda aliupeleka kwa fundi viatu, ukashonwa, ukarudi kazini ukiwa na kovu.

Vijana wa siku hizi sina ugomvi nao. Anaingia saluni pale mjini, anakandwa, anachongwa ndevu kwa mashine, penye upungufu anajaziwa rangi nyeusi. Anatoka poa kabisa. Mvua ikimkuta sokoni, ndevu zinashuka shingoni. Nami sijitoi, kwani nilipohamia mjini niliuacha wembe wa kukunja nikatumia zile za kutupa, miaka na miaka.

Mpaka mwaka huu, kwenye sendofu ya binti yangu Neema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mikono ya Baba imeanza kutetemeka, hawezi tena kujinyoa. Tulimpeleka saluni, mashine ikamwachia vipele shingo nzima, akaapa harudi. Asubuhi ya sherehe nilimkuta kitandani, ndevu nyeupe zimesimama, nguo hajavaa. Akaniambia niende tu, nimsalimie mjukuu wake, yeye hawezi kukaa meza ya mbele na uso kama shamba la kule Sigino lisilopaliliwa. Nilijua hatanii. Nikamfikiria Neema akitafuta kiti cha babu yake na kukikuta kitupu.

Nikashusha kopo. Nikaomba mkanda, akanionesha msumarini, uko palepale. Nikaanza kunoa. Mgongo utangulie, nageuza, nilikumbuka yote. Ila ngozi ilikuwa imezeeka, na nilipokaribia kumaliza, mkanda ukakatika palepale kwenye kovu. Kipande kikabaki msumarini, kingine mkononi mwangu. Baba akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kitako.

"Leta kamba," akasema.

Nikamnyoa taratibu, kitambaa cha moto, povu, nikiivuta ngozi iliyolegea kwa vidole viwili, wembe nikiulaza, nikizifuata ndevu zinakoelekea. Nilimshika kidevu kama alivyonishika mimi. Hakutoka damu hata tone. Akajipitishia kiganja shavuni, akasema huu ndio uso.

Ukumbini alicheza na Neema mkono mmoja umeshika kiuno, koti limefungwa vifungo vyote. Vijana wenye ndevu za rangi wakadhani ni mtindo, wakamzunguka na kucheza hivyo hivyo, mkono kiunoni. Mimi na Mama tulishindwa kutazamana.

Mkanda mpya nimemnunulia, mmoja tu, maana ningenunua miwili angeukataa mmoja. Kila Jumapili napanda bajaji mapema kwenda Maisaka, nakuta Mama ameshabandika maji. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nalala nikimsikiliza Baba akinoa. Siku hizi yeye ndiye aliyejifunika blanketi, ananisikiliza mimi, na nikikosea mlio tu, nasikia sauti yake kutoka chumbani: "Mgongo utangulie."