Kilo Nne za Unga Kiunoni

Mke wangu bado anaamini safari yangu ya kwanza baharini iliahirishwa kwa sababu ya upepo, na atakayemwambia ukweli urafiki wetu umeisha, lakini nyinyi nitawasimulia maana aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu.

Mnajua nilivyohangaika kuwa mhandisi wa visima vya mafuta. Miaka mitatu nimesimama mlangoni mwa jengo hapa Doha nikiwa mlinzi, shahada yangu iko chini ya godoro, natuma maombi kila nikitoka zamu, kisha nikachukuliwa mwanagenzi, nikafaulu hata ule mtihani wa kujinasua kwenye helikopta iliyozama, na sasa zilibaki wiki tatu tu kwenye jukwaa la kuchimba nithibitishwe kazini. Nikivuruga hapo, narudi mlangoni.

Sasa Wafula, tunayekaa naye chumba kimoja kule Al Thumama, akanitia maneno: "Buda, wiki tatu za wali na dengu? Utarudi umekonda hadi tushindwe kukujua. Beba unga!" Mzigo mwisho ulikuwa kilo kumi na mkoba wangu ulishajaa, kwa hiyo mimi msomi, mtu wa kupiga hesabu za presha ya kisima, nikafunga pakiti mbili za kilo mbilimbili kiunoni kwa leso, chini ya ovaroli. Si wanapima mkoba tu?

Wanapima na mtu. Pale kituo cha helikopta, kwenye fomu nilikuwa nimeandika kilo themanini na mbili, mizani ikasema themanini na sita, karani akaniangalia. "Nimekula vizuri asubuhi," nikamwambia, naye akaandika.

Lakini vazi la kuokoa maisha lina mkanda, na Mnepali aliyekuwa akitufunga alikuwa na mikono ya chuma. Akavuta. Pakiti ikapasuka, nikausikia unga ukiteremka ndani ya suruali, nikabana mapaja (wapi!), ukamwagikia viatu, mweupe pe, mbele ya abiria wote, nao wakarudi nyuma kwa pamoja.

Askari akaja mbio. "Sadiki, shu hada?" yaani rafiki, hii ni nini, nikasema ni chakula. Akasema kama ni chakula, kula. Nikachota, nikatia mdomoni, na anayejua unga mkavu anajua kilichofuata: nikapaliwa, nikakohoa, wingu lote likamwishia usoni Bwana Suresh, mkuu wangu, ambaye ndiye wa kunithibitisha.

Akafuta miwani. "Nimeona watu wakifukuzwa kwa pombe," akasema. "Kwa unga, utakuwa wa kwanza."

Helikopta ikaondoka naye. Mimi nikabaki na ufagio, nikalia, siwafichi.

Siku mbili baadaye, unga ulipopimwa ukaonekana ni unga wa kula tu, nikasafirishwa hadi jukwaani. Bwana Suresh akanipokea, akanipeleka moja kwa moja jikoni, nikajua basi, uhandisi umekwisha, napewa sufuria. Mpishi, kaka mmoja wa Tanga, akafungua stoo. Magunia ya sembe hadi darini!

"Karibu ndugu yangu," akasema. "Hapa kila Ijumaa ni ugali, na Bwana Suresh huongeza sahani ya pili."

Nilithibitishwa, alhamdulillahi, ila jukwaa zima huniita Mhandisi Sembe, na nimeapa siendi tena popote kabla sijauliza huko kuna nini jikoni. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule nilioufunga kiunoni kwa leso.