Darubini Mbili Nilizopeleka Msuka

Sikwenda Pemba kutembea. Nilikwenda kwa sababu mjomba wangu, Mzee Faki, mkulima wa Msuka, alinipigia simu mara tatu katika wiki moja. Mtu huyu hupiga simu kwa misiba na harusi tu, kwa hiyo nilijua mambo yamemfika shingoni. Nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza muhogo wake, na muhogo ule ndio chakula cha nyumba yake mwaka mzima. Alikuwa amesikia kwamba duka ninalofanyia kazi hapa Unguja, la kamera za ulinzi, limeleta darubini za kuonea gizani. "Njoo nayo hiyo," alisema. "Miye macho yangu ya usiku yamekwisha."

Zilikuwa mbili, na tajiri wangu aliniruhusu nizichukue zote kwa wiki moja. Moja hukusanya mwanga hafifu wa nyota na mwezi, ikakuonyesha kitu kama kilivyo, ila kwa rangi ya kijani. Nyingine haina haja na mwanga. Huona joto, na kila chenye uhai hutokea cheupe kwenye kioo chake, hata kama giza ni la kutiana vidole machoni. Nilikuwa nimekwisha amua kabla sijafunga begi kwamba ya joto ndiyo kiboko. Mimi ni fundi, na fundi akishapenda chombo haambiliki.

Jumanne usiku, melini, nilipanda juu kuijaribu. Abiria walikuwa wamelala sitahani wakiwa wamejifunika shuka. Niliwapitia mmoja mmoja kwa darubini ya joto, nikawaona wote, hadi mtoto mchanga aliyefichwa kifuani mwa mamake. Jirani yangu, mwalimu anayerudi Konde, aliniomba atazame. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Mbona hawana sura?" aliuliza.

Nilimwambia sura si kazi yake. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Jumatano asubuhi tuliteremka Mkoani. Kutoka hapo nilipanda gari hadi Konde, na bodaboda ikanifikisha Msuka karibu na adhuhuri. Mjomba alikuwa barazani ananingoja, amekonda kuliko nilivyomwacha. Mkewe, Bi Mize, alitutilia wali na mchuzi wa papa, na kabla sijanawa vizuri mjomba alikuwa amenishika mkono kunipeleka shamba.

Shambani niliona kazi ya nguruwe. Matuta yalikuwa yamefumuliwa, mashina yamelazwa, na mihogo imetafunwa nusu ikaachwa na jua. Kila usiku mjomba alilala kwenye dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti katikati ya shamba, akipiga debe na kuita. Walinzi wa mashamba ya jirani walimjibu kwa debe na sauti zao, na hivyo kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi. Ndivyo walivyolinda tangu zamani. Lakini nguruwe walikwisha zoea debe.

Upande wa mashariki, karibu na kinjia, niliona ajabu ndogo. Mashina kadhaa yalikuwa yamechimbwa upande mmoja tu, mizizi miwili mitatu imetolewa, kisha udongo umerudishwa na kushindiliwa.

"Mnyama huyu kajifunza adabu," alisema mjomba.

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini wala hakuendelea kuangalia. Mpaka leo sijui kama alijua.

Alasiri tulikaa barazani kuchagua. Kwanza nilimpa ile ya kijani, tukajifungia banda la mbuzi lililokuwa giza, akamtazama beberu wake.

"Namjua," alisema kwa furaha. "Huyu wangu, pembe hiyo imevunjika. Naiona na kamba."

Nikampa ya joto. Aliona mbuzi wote wanne kwa mara moja, na kuku aliyelala nyuma ya matete, na panya aliyepita juu ya boriti. Alishtuka hadi akakaa chini.

"Lakini hapa simjui beberu ni yupi," alisema.

"Wa nini kumjua, mjomba? Usiku shambani kitu gani kingine kitakuwemo? Hii ya kijani likitanda wingu inataka taa yake, na kwenye majani mengi utakuwa unatazama majani tu. Chukua ya joto."

"Weye ndiye fundi," alisema. Alikuwa bado ameishika ile ya kijani. Niliichukua mkononi mwake, nikairudisha kwenye begi.

Magharibi ilipokaribia alikuja jirani, Bi Chumu, mjane anayelea wajukuu wawili. Nimemjua tangu utotoni. Likizo zangu zote za shule niliishia jikoni kwake. Alinitania kuhusu kitambi, akauliza nitaoa lini, kisha akakiangalia kile chombo mapajani mwangu.

"Na hicho ndicho cha kumtambua mnyama?"

"Ndicho, Bi Chumu. Hata sisimizi hajifichi."

"Aa! Na mnaanza lini?"

"Kesho," nilisema. Tulikuwa tumekubaliana hivyo kwa sababu ya Yohana. Yohana ni mwashi kutoka bara anayekaa Konde, na yeye ndiye huchukua nguruwe wanaouawa. Wenyeji hawamgusi nguruwe. Mnyama huyo ni najisi, na aliyemgusa hana budi kujitwahirisha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mkulima huua, na Yohana huja na baiskeli na gunia kuondoa. Siku hiyo alikuwa na kazi Wete.

"Mungu awasaidie," alisema Bi Chumu, akaenda zake.

Baada ya isha nilishindwa kukaa. Sitamsingizia mtu. Ni mimi niliyesema twende tukajaribu tu, kwani Yohana tunaweza kumpigia simu aje alfajiri. Mjomba aliuchukua mkuki wake. Na ni mimi niliyemkataza kupiga debe. Nilimwambia nguruwe wakisikia kelele hawatakuja, na chombo hiki kinataka kimya. Walinzi wa jirani waliita mara mbili, tatu, wakaona hatujibu, wakadhani hatujaja.

Saa sita hivi kilitokea. Kitu cheupe, cha chini, kikienda polepole kati ya matuta, kikisimama, kikienda tena. Majani yalikikatakata, nikawa naona kipande hiki na kile, kamwe si kizima. Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Nilimnong'oneza mjomba: mbele yako, kulia kidogo, hatua kumi, kimeinama kinachimba. Mjomba aliteremka bila kutikisa hata mti mmoja, akanyanyua mkono, akaurusha mkuki.

Tulisikia mguno mmoja mzito. Kisha kimya.

"Amelala," nilisema. "Hajasogea."

Nilitaka kwenda kuona. Mjomba alinishika bega. "Huyo mnyama, mwanangu. Tukamguse usiku huu, tujitwahirishe na nini? Na alfajiri tunasali. Mwache Yohana aje." Nilikubali upesi, kwa sababu kazi yangu niliiona imekwisha. Nilikuwa na kioo. Nilikaa juu ya dungu nikatazama. Weupe mdogo ulitandaa kando ya ule mkubwa, ukafifia. Nikamweleza mjomba kwamba ile ni damu, huwa ya moto inapotoka, halafu hupoa. Manyunyu yalianguka, na ule mkubwa nao ukaanza kufifia. Nikampa darubini aone.

"Anapoa," nilimwambia. "Chombo hiki hakidanganyi."

Alfajiri, tulipomaliza kusali, Yohana alifika na baiskeli yake. Mjomba alimwonyesha upande, nasi tukabaki njiani. Tulimsikia akipasua majani, kisha hatukumsikia. Aliporudi alikuwa amevua kofia.

"Mzee Faki," alisema. "Si nguruwe."

Alikuwa Bi Chumu. Alilala ubavu, mkuki umemwingia pajani, na pembeni yake pakacha lenye mihogo mitatu na kijembe kifupi. Upindo wa kanga alikuwa ameuuma kwa meno. Alikuwa hai; kilichopoa kwenye kioo changu kilikuwa kanga iliyoloa manyunyu. Usiku kucha alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, akitusikia tukizungumza, na hakuita. Wajukuu walikuwa hawana kitu, na kwake kukutwa na muhogo wa jirani ilikuwa aibu kubwa kuliko mkuki. Nasi hatukwenda kumtazama kwa kuogopa najisi.

Mjomba alipiga magoti kwenye tope, akamwita jina lake mara nyingi. "Ungeniomba, Chumu! Ningekunyima miye? Ningekunyima?" Yohana alipasua shuka akafunga jeraha. Mimi nilisimama nikiwa na darubini shingoni. 

Saa moja asubuhi tulipata pikapu iliyokuwa ikienda Tumbe kuchukua samaki, ikageuza njia kwa ajili yetu. Mjomba alikaa mbele na dereva, mimi nikakaa nyuma, kichwa cha Bi Chumu kikiwa mapajani mwangu, mkono wake baridi ndani ya mkono wangu. Kabla hatujafika hospitali alikuwa amekwisha kufariki. Dereva hakuambiwa. Alizidi kupiga honi hadi getini.

Alasiri tulimzika. Mjomba hakungoja kufuatwa. Alitoka makaburini akaenda kituo cha polisi kwa miguu yake, na mpaka ninaandika haya kesi yake haijasikilizwa. Bi Mize amewachukua wale wajukuu wawili. Muhogo wa upande wa mashariki bado uko ardhini, hakuna anayetaka kuung'oa. Mimi niliandikisha maelezo. Askari aliizima taa ya chumba, akanitazama kupitia darubini ya joto, kisha akaiweka mezani.

"Kweli," alisema. "Ningekutana nawe njiani nisingekujua."

Ijumaa usiku nilipanda meli kurudi Unguja, na safari hiyo sikufungua begi. Walioniuliza tangu hapo ni darubini ipi bora kwa usiku nimewaambia wachukue ile inayokuonyesha pembe iliyovunjika na kamba shingoni, na kama wingu limetanda walale. Nimewaambia wapige debe na waite majina. Na ukishapiga kitu, nenda ukakione kwa macho yako, kiwe najisi kisiwe najisi. Maji ya kujitwahirisha hayajaadimika Pemba.

Lakini jambo moja sikulisema kituoni, wala sikumwambia mjomba, kwa kuwa nilidhani nitaweza kukaa nalo peke yangu. Katika ile pikapu, tulipokuwa tumeipita Konde, Bi Chumu alifumbua macho akanitambua. Hakulalamika maumivu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama jikoni kwake nilipokuwa mdogo, nikisema uongo juu ya sukari.

"Mwanangu," alisema, "si ulisema kesho?"