Fyuzi ya Siku ya Harusi

Siku ile nyumbani tulikuwepo mimi, wadogo zangu watatu, mjomba wetu, na shoga wa marehemu mama, mpishi wa harusi, aliyekuwa uani akichemsha nyama ya pilau. Bibi harusi alikuwa mdogo wangu anifuataye. Alikaa chumbani ghorofani, miguu na mikono imejaa hina mbichi, haruhusiwi kukanyaga chini mpaka ikauke.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya mawe, lakini dari ni boriti na ngazi ni mbao kavu. Kando ya ngazi, ukutani, ndipo ilipo swichi kubwa, ile yenye mkono wa kushusha ukitaka kukata umeme wa nyumba nzima.

Mjomba alileta AC ya kuazima, bibi harusi asitoke jasho hina ikaharibika. Alipoiwasha, fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine kama ile, nayo ikakatika. Basi akamenya kipande cha waya mnene, akakisokota mahali pa fyuzi.

"Mjomba," nikamwambia, "fundi alisema nyaya hizi ni za taa na feni. Fyuzi haikatiki bure."

"Wewe shule uliacha darasa la sita. Umeme umesomea wapi, kwenye mahamri?"

Wadogo zangu wakacheka. Kweli, tangu wazazi wetu wafe nimewalea kwa mahamri ya alfajiri. Mimi sikubanduka pale ngazini. AC ikavuma vizuri, mjomba akatoka barazani kupunga upepo.

Kwanza ilikuja harufu ya mpira unaoungua. Nikaweka kiganja ukutani: chokaa ilikuwa moto. Kifuniko cha swichi kilianza kugeuka rangi. Nikazungushia mkono wa swichi leso, nikauvuta chini. Haukushuka. Nikaning'inia hapo kwa uzito wangu wote. Haukushuka.

"Dada!" bibi harusi akaita. "Mbona kuna moshi huku?"

"Shuka! Shuka sasa hivi!"

"Na hina?"

"Wacha hina!"

Lakini angeshukia wapi? Ngazi ni moja tu, na inapita hapo hapo kwenye swichi.

"Ondoka hapo, mwanangu!" Mpishi alikuwa nyuma yangu, kashika mwiko mkavu wa pilau, mrefu kama mwenyewe. Akaupiga ule mkono wa swichi, akaupiga tena. Ukashuka kwa kishindo, na swichi ikatema moto ukamrukia mkononi, toka kiwiko hadi vidole. AC ikanyamaza.

Fundi alipoifungua swichi, vyuma vya ndani vilikuwa vimeyeyuka na kugandana.

"Fyuzi lazima iwe ya kwanza kufa," alisema. "Ukiifanya iwe na nguvu kuliko waya na swichi, basi hivyo ndivyo vitakavyokufa badala yake. Na watu."

Mjomba aliibeba ile AC akairudisha kwa mwenyewe.

Harusi ilifungwa. Alama ya hina ya unyayo wa mdogo wangu bado iko kwenye ngazi.

Mpishi hawezi tena kugeuza sufuria. Akipata kazi ya harusi, ananiita nimkorogee. Nikimwambia hilo ni deni langu, hunicheka: "Deni la nini? Koroga, wali usiungue!"

Nakoroga. Lakini nikimwona anavyohangaika kujifunga leso kwa mkono mmoja, najua bado sijalipa.