Harufu ya Nta

Leo nimewasha mshumaa wa nta, hasira zikanipanda hata haujashika vizuri. Baba alikuwa akirina asali porini, anaipikia pombe, na akishalewa anampiga mama. Siku aliyobatizwa alirudi na kanzu nyeupe ya kuazima misheni, inanuka mishumaa. Akaumwaga mtungi mzima wa pombe uani, nyuki wakajaa. Mimi nilijificha nyuma ya mlango.

“Njoo umwamkie baba yako,” mama aliniita.

“Yupi? Wa jana au wa leo?”

Nilingoja kofi. Baba akapiga magoti kwenye lile tope la pombe. “Wa jana Mungu amemsamehe, mwanangu.”

“Na mama?”

Baba akaninyooshea mkono. Nilimpa mkono mmoja, na kwa mwingine nikaendelea kushika mlango.